Dereva wa abiria anapohama Visiwani kwenda Bara: ujuzi anao, je, idhini anayo?



Kusini kabisa mwa Tanzania, katika mkoa wa Ruvuma, nchi inafunguka. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66 zinazoteremka kutoka milima ya Umatengo hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa, sasa ni ya lami. Makaa ya mawe ya Ngaka yanasombwa kwa malori usiku na mchana. Kahawa ya Mbinga ina soko lake. Mbamba Bay kwenyewe kunajengwa bandari mpya, na meli ya MV Mbeya II imekuwa ikiwaunganisha watu wa huko na Kyela. Palipo na barabara na mizigo pana abiria, na palipo na abiria panahitajika madereva.

Habari hizi zinawafikia vijana wetu wa Unguja na Pemba. Kijana ameendesha daladala miaka kadhaa, anaijua kazi, na kuna jamaa yake Songea au Mbinga anayemwambia kuwa gari ipo, aje tu. Familia inamchangia nauli ya boti na ya basi, inamwombea dua, anaondoka. Suali ambalo aghlabu halisemwi katika safari hiyo ni moja: je, ile idhini aliyokuwa nayo ya kuchukua abiria huku Visiwani inahama pamoja naye?

Jawabu fupi ni kwamba ujuzi unahama, idhini haihami. Na jambo hili lina upande wa sharia ya dini yetu ambao familia zinapaswa kuujua kabla ya kijana kupanda boti.

Nchi moja, sheria mbili za barabara

Wengi hudhani kuwa kwa sababu Tanzania ni nchi moja, basi leseni na vibali vyote ni vya nchi nzima. Sivyo. Katiba ya mwaka 1977 ina orodha ya mambo ya Muungano. Jeshi la Polisi limo katika orodha hiyo. Usafiri wa anga umo. Usafiri wa barabarani haumo. Ndiyo maana askari anayesimamisha gari Darajani na yule anayesimamisha gari Mbinga ni wa jeshi moja, lakini kila mmoja anasimamia sheria tofauti. Zanzibar imekuwa ikitumia Sheria ya Usafiri wa Barabara Namba 7 ya mwaka 2003. Bara ina Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na juu yake ipo sheria ya mwaka 2019 iliyounda Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA, ambayo mamlaka yake yanaishia Bara.

Mifano ya mgawanyiko huu tunaiona kila siku. Kitambulisho cha Taifa cha NIDA kinatambulika pande zote mbili, ilhali kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi ni cha huku. Gari lenye namba za Zanzibar likivushwa Bara huzaa maneno, na usajili wa vyombo vya moto umekaa miaka mingi katika meza ya mazungumzo ya hoja za Muungano. Dereva naye yumo katika mkumbo huo huo.

Leseni ni kitu kimoja, uthibitisho ni kingine

Hapa ndipo vijana wengi wanapoteleza. Leseni inasema kuwa mtu huyu anaweza kuendesha gari la aina fulani. Kwa magari ya abiria Bara kuna daraja C na vidaraja vyake, kulingana na idadi ya watu gari linayobeba, na dereva anatakiwa awe amepata mafunzo ya kubeba abiria katika chuo kinachotambuliwa, kama vile Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) au VETA.

Uthibitisho wa LATRA unakuja juu ya hayo. Kwa kanuni za mwaka 2020, dereva wa chombo cha usafiri cha kibiashara anatakiwa athibitishwe na mamlaka hiyo. Anafanya mtihani kwa kompyuta, akifaulu anaingia katika kumbukumbu za mamlaka kuwa ni mtu anayefaa kukabidhiwa roho za watu. Kwa mabasi ya mikoani yaliyofungwa mfumo wa kufuatilia mwenendo wa gari, dereva hupewa kitufe chake cha utambuzi. Anakigusisha katika kifaa kabla ya kuondoka, na kuanzia hapo kila mwendo wa gari unaandikwa kwa jina lake. Akizidisha kilomita 80 kwa saa, inajulikana nani alikuwa nyuma ya usukani.

Kwa hiyo kijana aliyeendesha daladala kati ya Darajani na Fuoni kwa miaka kumi akifika Mbinga hawezi kusema, "Mimi dereva wa siku nyingi." Udereva wake ni wa kweli, lakini mamlaka ya huko haina kumbukumbu yake. Na tusiseme kuwa huo ni urasimu mtupu. Visiwa vyetu ni tambarare kwa sehemu kubwa. Njia ya kutoka Mbinga kushuka ziwani ni ya milima, kona na miteremko mirefu, ambapo anayetegemea breki peke yake bila ya kupunguza gia anaweza kujikuta hana breki kabla hajafika chini. Mtihani hauwezi kumfundisha mtu yote hayo, lakini unamlazimisha asimame kidogo na ajiulize kama yuko tayari.

Njia za mkato

Kwa kuwa kufuata utaratibu kunachukua siku na fedha, na nyumbani wanasubiri matumizi, zimezuka njia za mkato. Ya kwanza ni kufanya "deiwaka", yaani kumshikia usukani dereva mwenye gari kwa siku moja moja bila ya jina lake kuandikwa popote. Ya pili ni kuazima kitufe au cheti cha mwenzake, gari likatembea kwa jina la mtu aliyelala nyumbani. Ya tatu ni kununua cheti cha mafunzo ambayo hakuyasoma. Ya nne ni kumpa mtu kitu kidogo ili asiulize.

Katika kila njia kati ya hizo, mwenye kudanganywa ni abiria. Yeye amelipa nauli akiamini kwamba aliyekaa mbele amekubaliwa kukaa pale.

Dini inasemaje?

Mwezi Juni 1993, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lililo chini ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu (OIC) lilikutana Bandar Seri Begawan, Brunei, na katika azimio lake namba 71 likazungumzia ajali za barabarani. Wanavyuoni hao walieleza kuwa kufuata kanuni za usafiri zisizopingana na sharia ni wajibu wa kidini, kwa sababu ni katika kuwatii wenye mamlaka kwenye mambo ya maslaha ya watu. Wakaeleza pia kuwa dereva ana dhamana ya madhara anayowasababishia wengine katika miili au mali zao, isipokuwa pale ambapo sababu haikutoka kwake, kama vile jambo la ghafla lisilozuilika au kosa la mwengine.

Kuna pia hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na wengineo, ambayo maana yake ni kuwa mtu anayetibu watu na hali hajulikani kuwa ni tabibu, basi yeye ni mdhamini wa madhara yatakayotokea. Mafaqihi wakachukua hapo msingi mpana: anayeshika kazi inayogusa roho za watu bila ya kustahiki na kukubaliwa, hawezi kujificha nyuma ya nia njema. Anayebeba watu thelathini kwenye mteremko hayuko mbali na tabibu huyo.

Kuazima kitufe na kununua cheti kunaingia katika ghushi, ambayo Mtume (s.a.w.) amejitenga na mwenye kuifanya. Kutoa kitu kidogo ni rushwa, na amelaaniwa mtoaji na mpokeaji. Ama mshahara, wanavyuoni wengi wa zama hizi wanasema kuwa ujira wa kazi ya halali iliyofanywa kwa ukamilifu ni haki ya mfanyakazi, lakini dhambi ya udanganyifu inabaki shingoni mwake mpaka atubie, na toba yake ni pamoja na kwenda kuipata idhini ya kweli.

Kisha lipo hili ambalo familia nyingi hazilijui. Mtu akiua kwa bahati mbaya, Suratun-Nisaa aya ya 92 imemuwekea mambo mawili: kafara, ambayo kwa asiyepata mtumwa wa kumwacha huru ni kufunga miezi miwili mfululizo, na diya kwa warithi wa marehemu. Aya hiyo hiyo inawataja pia waliouawa kutoka katika watu wenye mapatano nasi. Basi asidhani mtu kuwa jambo ni jepesi kwa kuwa abiria wengi wa Mbinga na Nyasa ni Wakristo. Na katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi Visiwani, diya ya kuua kwa bahati mbaya inabebwa na jamaa wa kiumeni wa mwenye kuua, kwa muda wa miaka mitatu. Maana yake ni kuwa ami na kaka wanaomhimiza kijana aanze kazi upesi ndio hao hao ambao fiqhi inawahesabu katika kubeba mzigo yakitokea ya kutokea.

Sisi watu wa visiwa tunajua uzito wa jambo hili. Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba ikiwa imepakia watu kupita kiasi, na mwaka uliofuata ikazama MV Skagit. Tulijifunza kwa msiba kuwa kanuni inayopuuzwa leo kama karatasi tu ndiyo inayokumbukwa kesho makaburini.

Haki ya dereva nayo

Hata hivyo uadilifu una pande mbili. Haifai kumtaka dereva afuate njia ya halali ikiwa njia yenyewe haionekani. Baharia anayepata cheti kwa mujibu wa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978 kuhusu mafunzo ya mabaharia anaweza kutambuliwa katika nchi nyingine. Australia, ambako kila jimbo linatoa vibali vyake, ilipitisha mwaka 1992 sheria ya kutambuana, ili aliyesajiliwa kwa kazi katika jimbo moja aweze kuomba usajili wa kazi hiyo katika jimbo jingine bila ya kuanza upya kila kitu. Sisi tulio nchi moja hatushindwi kufanya mfano wa hayo: rekodi ya dereva ya Zanzibar isomeke Bara na ya Bara isomeke Zanzibar, mafunzo yake na miaka yake ya kazi vihesabiwe, abakie na mtihani wa yale tu yanayotofautiana. Wawakilishi na wabunge wetu wanaweza kuliombea hilo nafasi katika mazungumzo ya Muungano.

Kwa familia

Kabla kijana hajaondoka, tusimchangie nauli peke yake, tumchangie na gharama za utaratibu. Abebe leseni yake, kitambulisho cha NIDA na vyeti vyake vya mafunzo. Akifika Ruvuma, aende kwanza katika ofisi ya LATRA na kwa askari wa usalama barabarani kuuliza nini kinapungua, kabla ya kushika gari la mtu. Mwenye gari atakayemwambia "anza tu, mambo ya vyeti baadaye" amwogope, kwa sababu siku ya ajali mtu huyo hatokuwepo, na bima nayo huangalia nani alikuwa akiendesha na kwa idhini gani.

Na sisi tulio nyumbani tumpe muda. Mwezi mmoja bila ya kutumiwa fedha ni jambo la kustahamilika. Mambo mahsusi ya diya, kafara na mapato yaliyokwisha patikana ni vyema yapelekwe kwa wanavyuoni au Ofisi ya Mufti, kila tukio kwa hali yake.

Tunamuomba Allah awahifadhi vijana wetu njiani, na awahifadhi waja Wake kutokana na makosa yetu. Wallahu a'lam.