Mwasho wa VVU: Sericho jua lipo, tiba ya mwanga haipo

Wapo wanaoishi na VVU ambao kero yao kubwa si homa wala kikohozi, ni kujikuna. Upele mdogo mdogo hutoka mikononi na miguuni, usiku hakulaliki, na ukikauka huacha madoa meusi. Madoa hayo ndiyo yenye maneno. Jirani akiyaona, siri ya mtu imeshatoka.

Tiba ya mwanga, yaani kumulika ngozi kwa miale ya urujuanimno kwenye mashine, hupunguza mwasho huo. Lakini masharti yake! Mara 2 au 3 kwa wiki, wiki nyingi mfululizo, mtaalamu akiongeza kipimo kidogo kidogo. Sasa mchukue mgonjwa wa Sericho, kule Garbatulla, kaunti ya Isiolo. Nani atauza mbuzi kila wiki alipie nauli ya kufuata mashine mjini? Ndugu zetu wa Bura na Ganze wanaijua hesabu hiyo.

Wengine husema jua la kule latosha. Mimi nakataa. Mashine huchagua miale, jua halichagui. Tena septrin, ambayo wengi wenye VVU wameimeza, yaweza kuifanya ngozi iungue upesi juani.

Utafiti wa Uganda uliotoka mwaka 2004 uliwachunguza wagonjwa 102 wenye upele huu. Vipande vya ngozi vya wengi wao vilionyesha dalili za kuumwa na wadudu: kinga ikishavurugika, mwili hupambana kupita kiasi na kidonda cha mbu tu. Kwa hiyo chandarua ni sehemu ya tiba. Kubwa zaidi ni ARV, maana kinga ikirudi, kwa wengi upele hupungua wenyewe ndani ya miezi.

Ndiyo maana Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, niliwafikiria hawa kabla ya mashine yoyote. Dawa zikikatika, mwasho hurudi, na mwasho ni mwanzo tu.

Anayejikuna aangaliwe kwanza kama ana utitiri, ambao una dawa yake rahisi. Hilo lahitaji jicho lililofunzwa. KCMC, Moshi, kuna kituo kinachofunza maafisa wa kliniki magonjwa ya ngozi tangu 1992. Kaunti ya Isiolo impeleke mmoja kutoka Garbatulla, na Tana River nao wampeleke wao.