Mcheza Kwao Hutunzwa. Mcheza Disko Je?

Kila suala la vilabu vya usiku linapozuka katika mijadala yetu, wasemaji hugawanyika makundi mawili. Kuna wanaoshikilia kuwa dansi ni uhuni ulioletwa kutoka ng'ambo, na kuna wanaomwita mshamba yeyote asiyeipenda. Kwa maoni yangu, makundi yote mawili hayajalenga shabaha. Hakuna jamii isiyocheza. Jamii hutofautiana kuhusu nani acheze na nani, mbele ya nani, na hadi saa ngapi.

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Uzito wa methali hii umo katika neno 'kwao'. Hebu tuitazame chakacha ya mwambao. Katika harusi, wanawake huicheza miongoni mwa wenzao kwa kukata kiuno, na wengi hawaoni aibu yoyote. Chakacha iyo hiyo ikihamishiwa jukwaani mbele ya wanaume wageni, minong'ono huanza. Mdundo ni uleule. Hadhira ndiyo iliyobadilika.

Wapo watakaodai kuwa huu ni mvutano wa ukale na usasa. Dai hili halina mashiko. Nchini Japani, sheria ya mwaka 1948 iliziweka kumbi za dansi chini ya udhibiti mkali kwa hofu ya ukahaba, na vikwazo dhidi ya kucheza usiku kucha havikulegezwa hadi marekebisho ya 2015 yalipoanza kutekelezwa mwaka 2016. Mwaka uo huo wa 2016, mahakama nchini Ujerumani iliamua kuwa klabu ya Berghain jijini Berlin itozwe kodi ya asilimia 7 inayotozwa matamasha ya muziki, badala ya asilimia 19 ya burudani ya kawaida. Mwaka 2024, tekno ya Berlin iliingizwa katika orodha ya kitaifa ya urithi wa kitamaduni. Nchi zote mbili zimeendelea kiviwanda, ila mitazamo yao ilikuwa kama mbingu na ardhi.

Hapa kwetu, serikali ya kikoloni iliipiga marufuku Muthirigu ya Wakikuyu mwaka 1930. Kilichowaudhi watawala hakikuwa hatua za miguu bali maneno yaliyowakejeli wamishenari na serikali. Yamkini basi anayelaani ngoma huwa analaani jambo jingine lililojificha nyuma yake.

Sisemi kuwa malalamiko dhidi ya vilabu hayana msingi. Mkazi asiyepata usingizi kwa sababu ya vipaza sauti ana haki ya kulalamika, na mzazi anayehofia usalama wa bintiye usiku wa manane hakosei. Hata hivyo, hayo ni malalamiko kuhusu kelele, pombe na usalama. Kenya ina kanuni za kelele za mwaka 2009 na sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010. Zitekelezwe bila upendeleo. Isitoshe, ngoma za jadi zilikuwa na wazee waliowachunga wachezaji. Mwenye klabu naye awajibikie usalama wa wateja wake badala ya kuhesabu mapato tu.

Kwa nini suala hili lituhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili? Kwa sababu dharau huzaa upofu wa kitaaluma. Twachambua tenzi za kale kwa bidii, na ni haki tufanye hivyo, lakini nyimbo za Kiswahili zinazochezwa vilabuni kila wikendi twaziacha nje ya semina kana kwamba lugha yake si lugha. Rumba ya Kongo, iliyokulia katika baa za Kinshasa na Brazzaville, ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2021 kuwa urithi wa binadamu. Lau wasomi wote wangesubiri rumba itoke baa ndipo waisikilize, wangesubiri hadi leo.

Napendekeza chama chetu kitenge kikao kimoja katika kongamano lijalo kwa ajili ya nyimbo za dansi: istiara zake, msamiati wake na hata matusi yake. Anayeziona kuwa chafu aje na ushahidi kutoka katika matini, na anayezitetea afanye vivyo hivyo. Tukifanya hivyo, tutakuwa tumehukumu kwa kusikia, si kwa kusikia tetesi.