Dawa za Kisukari na Kutu ya Mwili

Neno moja limeenea sana siku hizi, nalo ni antioksidanti. Laandikwa juu ya makopo ya vidonge na chupa za majani yaliyochemshwa, na wagonjwa wa kisukari huambiwa kuwa ndiyo kinga yao. Wapo ambao kwa kulisikia huziacha dawa walizoandikiwa na tabibu, wakashika hizo mpya. Kwa hivyo tumeona yafaa mwezi huu tulieleze jambo hili, kwani baina ya kuacha na kushika pana macho, figo na miguu ya watu.

Chuma huota kutu kwa kuungana na oksijeni. Mwili nao hutumia oksijeni kuunguza chakula upate nguvu, na katika kazi hiyo hutoka vichembe vikali vyenye kudhuru. Vitu vyenye kuvizima vichembe hivyo ndivyo viitwavyo antioksidanti, na mwili una vyake. Lakini sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu, vichembe huushinda mwili, vikaumiza kuta za mishipa midogo ya damu. Hiyo ni mojawapo ya sababu za macho kufifia, figo kudhoofika na miguu kufa ganzi.

Wengi hawajui kuwa dawa za kisukari zenyewe zina sehemu katika jambo hili. Metformini, ambayo Jean Sterne alitangaza matumizi yake huko Ufaransa mwaka 1957, asili ya ujuzi wake ni mmea wa Ulaya uitwao galega. Basi anayeikimbia kwa kupenda majani na ajue kuwa nayo ilianzia majanini. Kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimimine sukari nyingi katika damu. Juu ya hayo, wachunguzi wameona maabarani kuwa hupunguza vichembe vikali ndani ya seli. Gliklazidi nayo, ambayo huihimiza kongosho itoe insulini, imeonekana maabarani kuvizima vichembe hivyo.

Je, tuseme basi kuwa nafuu yatokana na uzimaji huo? La, tusiharakishe. Mwaka 2000 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi ulioitwa HOPE, wa watu zaidi ya 9,000 waliohofiwa maradhi ya moyo, na katika hao zaidi ya 3,500 walikuwa na kisukari. Nusu yao walipewa vitamini E, ambayo ni antioksidanti mashuhuri, kwa miaka minne na zaidi, wala haikuwakinga. Ama uchunguzi wa ADVANCE wa mwaka 2008, wa wagonjwa 11,140, ulionyesha kuwa waliobanwa zaidi sukari yao, kwa matibabu yaliyojengwa juu ya gliklazidi, walipata madhara ya figo kwa asilimia 4.1, na wenzao kwa asilimia 5.2. Faida hiyo yafungamana na kushuka kwa sukari; kuwa dawa iliwafaa kwa kuzima vichembe, hilo halijathibitika.

Mwenye kupunguza kuni hupunguza na moshi. Lakini mwenye kupepea moshi hali kuni zazidi kutiwa, ajichosha bure. Sukari ndiyo kuni.

Basi twawausia wenye maradhi haya, na jamaa wanaowatunza, wasiache dawa kwa kujiona wazima, wala kwa maneno ya muuzaji. Wapime sukari, na wamwambie tabibu kila jani wanalokunywa. Atumiaye metformini miaka mingi aulize kuhusu kupimwa vitamini B12, kwani huweza kupungua. Atumiaye gliklazidi asiruke chakula, kwani sukari yaweza kushuka mno, akatoka jasho na kutetemeka. Na anayetaka kufunga Ramadhani aende kwa tabibu mapema, kabla mwezi haujaandama, apangiwe dawa zake au aelezwe kuwa kufunga kutamdhuru.