Nileteeni Picha ya Pili

Jumapili iliyopita mhubiri mmoja wa mtaani kwetu aliwasha projekta, akaonyesha uso wa mtu juu ya sayari ya Mirihi, akawauliza waumini nani aliuchonga. "Wanefili!" likaitikia kanisa zima. Nayajua haya yote ingawa nilikuwa kitandani kwangu, maana spika zao hazibagui nani kaja ibadani na nani hakuja. Sheria ya kelele tunayo, lakini tuiache, nisijipandishie presha bure.

Sina ugomvi na Wanefili, yale majitu ya kwenye Biblia; nina ugomvi na ile picha. Ilipigwa na chombo cha Viking 1 tarehe 25 Julai 1976, kikipita kama kilomita 1,900 juu ya eneo liitwalo Cydonia. Jua lilikuwa limeinama na vivuli vimerefuka. Kila nukta ya picha ilibeba zaidi ya mita 40 za ardhi, yaani uwanja mzima wa mpira ungeishia kwenye nukta tatu au nne. Tena itazameni vizuri: imetapakaa vidoa vyeusi. Hivyo si mashimo, ni data iliyopotea njiani picha ikirushwa kuja duniani. Kimoja kimeangukia palepale unapotarajia tundu la pua. Watu wazima wanahubiri habari za tundu la pua ambalo ni hitilafu ya mawasiliano!

"NASA waliificha," ananiambia shemeji yangu. Waliifichia wapi? Walioigawa kwa waandishi wa habari, siku chache tu baada ya kupigwa, ni haohao NASA, na wakaeleza palepale kwamba macho na mdomo ni vivuli.

Mimi nina swali moja tu: picha ya pili iko wapi? Kila anayekuletea ajabu ya Mirihi huja na picha moja, imekatwa pembeni, imevutwa mpaka imejaa chenga. Ya pili haji nayo, kwa kuwa ya pili inamwumbua. Aprili 1998 chombo cha Mars Global Surveyor kikapita juu ya Cydonia: kilima. Wakalalamika kwamba siku ile kulikuwa na ukungu. Haya, tarehe 8 Aprili 2001 kikarudi kukiwa kweupe, na safari hii kila nukta ni mita 1.56. Hata kibanda kingeonekana. Kilima kilekile, kimeliwa na upepo, hakina jicho wala pua. Wanefili gani hawa wanaoogopa kamera nzuri?

Aprili 2014 ikaja "taa". Roboti Curiosity ilipiga picha yenye mwanga uliosimama wima upeoni, na kundi letu la familia la WhatsApp halikulala. Curiosity ina kamera za macho mawili, kulia na kushoto. Jicho la kulia liliona taa, na la kushoto, sekunde ileile, halikuona kitu. Taa gani inawaka kwa jicho moja? Madoa kama hayo hutokea kwenye picha zake karibu kila wiki, mara nyingine ni chembe ya mionzi imeipiga kamera tu. Lakini nani asambaze picha ya jicho la kushoto? Haina utamu.

Kisha Mei 2022 "mlango". Ufa kwenye mwamba, urefu wake kama rula ya shule, sentimita 30. Mlango wa kuku! Picha pana ya mwamba uleule, iliyojaa nyufa za kila namna, haikufika kwenye kundi letu.

Na shemeji huyuhuyu hana imani na kamera. Picha ya kitambulisho chake anaikana kila siku: "Huyu si mimi, mwanga ulikuwa mbaya." Mwanga wa studio ya mtaani anaujua ulivyo mwongo, wa Mirihi anauapia.

Msidhani ni ugonjwa wa wasiosoma. Mwaka 2012 mwanasayansi wa Urusi, Leonid Ksanfomality, alidai ameona nge kwenye picha za Zuhura zilizopigwa na chombo cha Venera 13 mwaka 1982, na pia kitu cha mviringo kinachohamahama. Penye joto la nyuzi 457! Nge alikuwa chenga. Kitu cha mviringo ni kifuniko cha kamera: chombo kilikuwa na kamera mbili, moja kila upande, na kila moja iliangusha kifuniko chake chini. Ukichanganya picha za pande mbili, lazima kifuniko "kitembee".

Nilimweleza shemeji yote hayo, polepole, juzi jioni. Akanyamaza, akakuna kidevu.

"Sawa, shemeji," akasema. "Na hicho kifuniko alikifungua nani?"