Mbwa wa Mkono Mtupu: Tiba ya Bure kwa Mbwa wa Dundori

Wahenga walinena kwamba mkono mtupu haulambwi. Walimtumia mbwa ili wawaseme binadamu, lakini mbwa mwenyewe huikanusha methali hiyo kila uchao. Katika boma la mkulima mdogo wa Dundori, kwenye nyanda za juu zilizo mashariki mwa mji wa Nakuru, mbwa hulinda viazi ghalani na ng'ombe zizini, na alfajiri huwasindikiza watoto waendao shuleni katika ukungu. Ujira wake ni makombo ya ugali, na siku nyingine hapati hata hayo. Mkono ni mtupu, naye huulamba. Anapougua, hata hivyo, methali hurudi kwa kishindo: mwenye mbwa hana fedha za daktari, na daktari hana sababu ya kupanda mlima. Makala haya yanashikilia kwamba kumtibu na kumchanja bure mbwa wa maskini ni wajibu wa umma, wala si anasa ya wapenda wanyama.

Tatizo lenyewe huanzia katika lugha. Kiswahili kina neno "mbwa koko", linalotumiwa kumtaja kila mbwa aliyekonda anayezurura njiani. Neno hilo humvua mbwa mwenyewe na kumvika hatia. Ilhali ukweli wa vijiji vingi vya Kenya ni kwamba mbwa wengi wanaorandaranda wana kwao. Wana majina, wana watoto wanaowaita jioni, na wana mzee anayewafungulia lango. Wanachokosa ni kamba, chakula cha kutosha, dawa ya minyoo na sindano ya chanjo. Kumwita mbwa wa namna hiyo koko ni kuuita umaskini wa mwenyewe utovu wa utu. Hali kadhalika, jina "kichaa cha mbwa" linamtwika mnyama lawama ambayo kwa haki ingegawanywa: mbwa huumwa na virusi, lakini ni binadamu aliyeacha kumchanja.

Si kwamba wakulima walizaliwa wakiwapuuza wanyama wao. Baada ya uhuru wa 1963, serikali iligharimia sehemu kubwa ya huduma za mifugo, yakiwemo majosho na upandishaji wa ng'ombe. Marekebisho ya uchumi ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na yale ya miaka ya 1990 yaliusukuma mzigo huo kwa madaktari wa kujitegemea. Daktari wa kujitegemea naye hufuata palipo na malipo. Ng'ombe wa maziwa hujilipia tiba kwa maziwa yake. Mbwa hana maziwa ya kuuza. Kwa hiyo, katika boma lile lile, ng'ombe huitiwa daktari na mbwa huachiwa Mungu.

Gharama ya kumwachia Mungu hulipwa na watoto. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao barani Asia na Afrika, na kwamba takriban asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Kati ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, asilimia 40 ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Dalili zikishajitokeza, mauti ni karibu hakika. Ni kweli kwamba kuliosha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kupata chanjo bila kuchelewa, huokoa maisha. Lakini chanjo hiyo ni sindano kadhaa, na kila sindano ni safari ya kwenda mjini na siku ya kibarua iliyopotea. Chanjo ya mbwa mmoja ni nafuu mno ikilinganishwa na hayo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa na yule asiye na tofali.

Wapo wanaodai kwamba dawa ni kuwaua mbwa wanaozurura kwa risasi au kwa sumu. Mbali na ukatili wake, njia hiyo haifui dafu. Mbwa wakiuawa, waliobaki huzaana na wengine huletwa kujaza pengo, na hao wapya hawana kinga. Aidha, mwenye mbwa anayejua kwamba maofisa huja na sumu atamficha mbwa wake hata siku watakapokuja na sindano. Kinachoukata mnyororo wa maambukizi ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, na kurudia zoezi hilo kabla kinga haijafifia.

Mfano wa Pemba unatosha kumfunza asiyeamini. Katika kisiwa hicho, kampeni za kuchanja mbwa zilizoanza mwaka wa 2010 ziliufuta ugonjwa kufikia 2014. Mwaka wa 2016 ukaingia tena kutoka bara na kuenea vijijini. Chanjo ziliporejeshwa kwa bidii, ukatokomezwa tena mwaka wa 2018. Karibu zaidi na Dundori, katika Kaunti ya Laikipia, watu wa kujitolea walianzisha mwaka wa 2015 kampeni ya kuchanja mbwa na paka bila malipo, kijiji kwa kijiji. Kote kuwili, siri haikuwa utajiri wa wenye mbwa. Siri ilikuwa kwamba huduma iliwafuata walipo, na hawakuombwa kitu.

Wengine watauliza, na swali lao si la kubezwa: inafaaje mbwa atibiwe bure ilhali binadamu hukosa dawa zahanatini? Swali hili hudhani kwamba afya ya mbwa na afya ya mtoto ni mizani miwili. Dundori ni mzani mmoja. Kupe, minyoo na kichaa havitambui mpaka kati ya kibanda cha mbwa na jiko la mama. Isitoshe, kumfunga kizazi mbwa jike mmoja ni kuzuia vijibwa visivyotakiwa kutupwa kando ya barabara, ambako huanza maisha ya njaa na kuishia kuwa tishio.

Sheria haina kigugumizi. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazikabidhi serikali za kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, na inamtaja mbwa kwa jina inapozungumzia utoaji wa leseni. Kaunti inayoweza kumtoza mwenye mbwa ada ya leseni haina budi kumpa mbwa huyo chanjo. Kaunti ya Nakuru, kwa bahati nzuri, ina Chuo Kikuu cha Egerton huko Njoro, ambako madaktari wa mifugo hufunzwa. Wanafunzi hao wanahitaji wanyama wa kujifunzia chini ya uangalizi wa walimu wao. Mbwa wa Dundori wanahitaji madaktari. Kambi moja ya tiba kila mwaka, siku ya soko, ingewakutanisha.

Wanafunzi wa Kiswahili nao wasijitoe. Tangazo la chanjo lililoandikwa kwa lugha ya maabara haliwezi kumleta mkulima uwanjani akiwa na mbwa wake. Linahitaji mtu atakayeeleza kwa maneno ya kawaida chanjo ni nini, kwa nini hurudiwa, na kwa nini mbwa aliyechanjwa bado ni mlinzi yule yule mkali. Hiyo ni kazi ya lugha, na ni kazi inayookoa roho.

Mbwa hafi maji akiona ufuko. Mbwa wa Dundori ameogelea vya kutosha; kilichobaki ni waliosimama ufukoni kumwonyesha ufuko uliko.