Kamari Iliyovaa Tai

Katika jamii yetu hapa Uingereza kijana akisema kwamba anaishi kwa kucheza karata, mama yake hukosa pa kuuweka uso. Kijana wa pili akisema kwamba anaishi kwa kununua na kuuza fedha za kigeni kwenye kompyuta chumbani kwake, yaani foreksi, mama yake huwatangazia watu harusini kuwa mwanawe yuko kwenye masoko ya London. Sisi tunasema heshima hiyo haina msingi. Kazi hizi mbili zipimwe kwa mizani moja, na zikipimwa hivyo, mcheza karata ndiye atakayeonekana mkweli zaidi. Hatusemi haya ili kumsifu. Tunayasema ili wazazi wajue wanachokitangaza.

Kwanza tutenganishe mambo. Aliyeajiriwa na benki pale Canary Wharf analipwa mshahara, anatumia fedha za benki, na siku ya hasara kodi ya nyumba yake bado inalipwa. Naye anayenunua hisa za kampuni na kuzishika miaka kumi ni mshirika katika biashara inayozalisha kitu, na gawio lake hutoka katika faida ya kampuni. Hao hatuwagusi. Tunayemsema ni yule anayefungua akaunti kwa dalali, akaweka pauni 1,000, kisha akabashiri kama pauni itapanda au itashuka dhidi ya dola kabla ya adhuhuri. Huyo hana mwajiri sokoni. Yeye ni mteja wa dalali tu.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Watu wanane wakikaa kucheza poka, kila mmoja na pauni 100, mezani kuna pauni 800. Wacheze usiku kucha, hazitafika 801. Tena mwenye ukumbi hukata fungu lake, kwa hiyo alfajiri zitakuwa pungufu. Ili mmoja wao aishi kwa mchezo huo, lazima kila siku wapatikane wengine wa kupoteza kiasi cha kumlisha yeye na cha kumlipa mwenye ukumbi.

Kubashiri bei za fedha kwa saa au dakika kuna sura hiyo hiyo, ila fungu la nyumba limefichwa ndani ya tofauti ya bei ya kununua na bei ya kuuza. Kwa kanuni za Uingereza, dalali anaweza kumruhusu mteja wa kawaida kushika hadi mara 30 ya amana yake katika fedha kubwa za dunia. Pauni 1,000 inabeba pauni 30,000. Bei ikienda kinyume kwa asilimia 1 tu, pauni 300 zimekwenda. Na tuseme tofauti ya bei ni sehemu 1 kwa 10,000: kila anapoingia na kutoka analipa pauni 3. Akifanya hivyo mara kumi kwa siku, ni pauni 30. Kwa siku 20 za kazi, ni pauni 600. Kabla hajajua kama ana akili ya biashara au hana, zaidi ya nusu ya mtaji imekuwa ya dalali. Ni mhandisi gani angeukubali mtambo unaokula zaidi ya nusu ya mafuta kabla gurudumu halijazunguka?

Tutaambiwa kwamba hayo ni ya wavivu, na anayesoma michoro ya bei atashinda. Basi tutazame waliopimwa. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya, ESMA, ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wa kawaida katika mikataba ya tofauti za bei hupata hasara. Tangu hapo madalali wamelazimishwa kuandika asilimia ya wateja wao wanaopoteza, na maandishi hayo yako kwenye matangazo yao wenyewe kwa kila mwenye macho. Brazil, wachumi watatu walifuatilia watu walioanza kubashiri bei kila siku kati ya 2013 na 2015. Katika waliovumilia zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipoteza, na ni asilimia 1.1 tu waliopata zaidi ya kima cha chini cha mshahara wa nchi ile. Hao ndio waliokaza buti, wavivu walikwisha kuondoka.

Mcheza karata naye ana hadithi yake ya kumpumbaza. Mwaka 2003 mhasibu wa Tennessee, Chris Moneymaker, aliingia mashindano ya dunia ya poka kupitia mchezo mdogo wa intaneti, akatoka na dola milioni 2.5. Walioshiriki walikuwa 839. Mwaka 2006 walifika 8,773. Aliyeshinda tunamjua jina. Maelfu waliomlipa hatuwajui.

Lakini tumpe mcheza karata haki yake. Anajua kwamba anacheza kamari. Mwenye ukumbi hajali nani ameshinda, maana fungu lake ni lile lile. Mpinzani anamwona kwa macho, na akigundua amekaa na mabingwa, anaweza kuinuka akaenda meza nyingine. Kijana wa foreksi hamwoni mpinzani wake. Huenda ni benki yenye wanahisabati na mitambo ya kasi, na mara nyingi ni dalali mwenyewe, ambaye hasara ya mteja ni faida yake.

Hata sheria ya hapa inalijua jambo hili. Kuna aina ya kubashiri bei ambayo faida yake kwa kawaida haitozwi kodi, kwa sababu inahesabiwa kuwa ni kamari. Dalali anaitangaza nafuu hiyo, lakini sababu yake haisemi kwa sauti. Wako pia wanaotangaza akaunti za Kiislamu, wakiwa wameondoa riba ya usiku. Hatuna kazi ya kutoa fatwa, ila tunauliza: riba imeondoka, na kubashiri je?

Riziki hutakiwa iwepo kesho. Tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani ilizifunga kwa wachezaji wa nchi ile kumbi kubwa tatu za poka ya intaneti, na waliokuwa na fedha Full Tilt walikaa miaka bila kuziona. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha ghafla kuizuia faranga isipande dhidi ya yuro. Kwa dakika chache watu walipoteza zaidi ya walichokiweka, na hapa London dalali Alpari alifilisika. Na asidhani mtu kwamba shahada itamwokoa. Kampuni ya LTCM ilikuwa na washindi wawili wa tuzo ya Nobel, Scholes na Merton, na mwaka 1998 ilibidi iokolewe na mabenki kwa dola bilioni 3.6.

Aliyefanikiwa pande zote mbili yupo, naye ni Edward Thorp, profesa wa hisabati. Mwaka 1962 alitoa kitabu cha kuishinda kasino kwa hesabu, kisha akaingia masoko ya fedha. Ila aliingia akiwa na kazi ya kufundisha, alithibitisha faida yake kwa hesabu kabla ya kuweka dau, na dau lake lilikuwa sehemu ndogo ya mtaji. Anayemtaja Thorp na ayafuate hayo matatu.

Kwa hiyo tunataka mambo manne. Kijana anayedai kuishi kwa foreksi aonyeshe taarifa za akaunti za miezi 12 mfululizo, zenye hasara zake, si picha ya siku moja nzuri. Mfuko wa kufa na kuzikana usiguswe kwa ahadi ya kuzalishwa. Fedha ile ni ya kumrudisha marehemu kwao. Ada ya chuo ilipwe chuoni. Na anayesimama kwenye mikutano yetu kuwaandikisha vijana kwa madalali, aulizwe hadharani analipwa kiasi gani kwa kila kichwa. Madalali hulipa kamisheni kwa kazi hiyo, na huenda ndiyo faida pekee ya uhakika aliyoipata katika biashara hii.

Akikataa kujibu, asipewe kipaza sauti tena.