Sola Juu ya Paa la Zamani: Na Fundi Je?



Siku hizi maneno ni mengi juu ya kufunga umeme wa jua katika majengo ya zamani ya serikali, yale ya enzi ya mkoloni ambayo bado ni ofisi hapa Mbarara na katika miji mingine. Sisi wa chama hatupingi. Nchi yetu imepitiwa na mstari wa ikweta na jua tunalipata mwaka mzima. Tena tunakumbuka miaka ya 2005 na 2006, maji ya Ziwa Viktoria yalipopungua, mitambo ya Jinja ikadhoofika na umeme ukawa wa zamu. Mashine ikisimama, kibarua ndiye anayerudi nyumbani mikono mitupu. Anayeleta umeme zaidi hatuna ugomvi naye.

Swali letu ni hili: nani atapanda juu ya paa, na mtambo ukishafungwa nani atabaki kuutunza?

Jengo la zamani si sawa na duka lililojengwa mwaka jana. Mbao za paa huenda zimeliwa na mchwa, nyaya ni za siku nyingi, na mengine yameezekwa kwa asbestosi, yale mabamba magumu ya kijivu yanayofanana na saruji. Ukiyatoboa ili kufunga paneli, vumbi lake linaingia kifuani. Maradhi yake, pamoja na saratani ya mapafu, huweza kujitokeza baada ya miaka 20 au zaidi. Wakati huo mkandarasi amekwisha kula pesa zake na kusahau. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba juu ya asbestosi mwaka 1986, na Uganda ina sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2006. Sheria iko kwenye karatasi, lakini juu ya paa yuko kijana aliyejifunga kitambaa puani.

Katika kazi hizo tumewakuta vijana wa Nakivale. Makazi yale, wilayani Isingiro, yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kupokea wakimbizi wa Rwanda, na leo wako Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Huko watu wengi wameijua sola kwa shida, maana ndiyo taa, ndiyo redio, ndiyo simu. Wapo wakandarasi wanaomchukua kijana kwa kutwa, bila mkataba, bila kofia, bila kamba, kwa malipo ya chini kuliko ya fundi mwenyeji. Akilalamika anaambiwa, "Wewe mkimbizi, shukuru." Fundi mwenyeji naye anaambiwa kwamba mkimbizi ndiye amemnyang'anya kazi. Kwa ujanja huo tunagawanywa, na mshahara wa wote unashuka.

Ndugu zetu wa Nakivale wajue: Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamtambulia mkimbizi haki ya kufanya kazi ya malipo, na haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Hiyo si hisani ya mtu.

Sasa tutazame huo utunzaji. Mwaka 1979 Rais Carter wa Marekani aliweka paneli 32 za kuchemshia maji kwa jua juu ya Ikulu yao, jengo linalokaliwa na marais tangu 1800. Mwaka 1986, wakati wa Rais Reagan, ziliteremshwa paa likitengenezwa, wala hazikurudishwa. Hazikuwa mbovu, kwani baadaye zilikwenda kuchemsha maji ya chuo kimoja katika jimbo la Maine. Ikiwa Ikulu ya taifa tajiri mtambo uliteremshwa hivyo, ofisi yetu ya Mbarara itasalimika kwa kukata utepe tu? Paneli hujaa vumbi, betri huchoka baada ya miaka michache, na pasipo fundi wa kudumu mtambo hugeuka pambo la paa.

Kwa hiyo tunadai haya. Kwanza, paa lipimwe kabla mtu hajapanda, na asbestosi iondolewe na wenye ujuzi na vifaa. Pili, kazi sawa ilipwe mshahara sawa, kwa mwenyeji na kwa mkimbizi, na mkataba uandikwe. Tatu, kila mtambo uwe na fundi aliyeajiriwa na fungu la kununulia betri, tangu siku ya kwanza.

Ninyi wa viwanda vya maziwa na mashamba ya chai msiseme haya ni ya ofisini. Sola inayofungwa kwa bwana mkubwa leo itafungwa kiwandani kwenu kesho, pengine na mkandarasi yuleyule. Akikuita, uliza maswali haya matatu kabla hujagusa ngazi. Na usiulize peke yako. Ulizeni pamoja.

Umoja ni nguvu.